Siku Moja, Mipaka Miwili

Katika nyumba nyingi za wasomaji wetu kuna kalenda ukutani. Baba huitazama apate kujua siku ya mnada, mama huitazama ajue siku ya kumpeleka mtoto kliniki, na watoto huitazama wahesabu siku zilizobaki kabla ya shule kufungwa. Siku hizi vijana wana desturi nyingine tena. Kila asubuhi husikia redioni, au husoma katika simu zao, orodha ya mambo yaliyotokea tarehe kama hiyo miaka iliyopita: vita fulani vilianza, mwimbaji fulani alizaliwa, timu fulani ilitwaa kombe. Wazee wengine hunung'unika na kusema kwamba huo ni upuuzi. Sisi hatusemi hivyo. Desturi hiyo yaweza kuwa shule njema, mradi msomaji asimeze orodha bila kuitafuna.

Basi leo twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu namna ya kutafuna. Tumechagua tarehe 14 Julai, na tumeichagua kwa ajili ya mji mmoja wa mpakani, yaani Tunduma katika mkoa wa Songwe.

Kwanza tuitazame orodha yenyewe. Tarehe 14 Julai 1614 alifariki mjini Roma Mtakatifu Kamilo wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa na wauguzi. Mwaka 1789 watu wa Paris waliiteka ngome ya Bastille. Mwaka 1912 alizaliwa huko Marekani Woody Guthrie, mwimbaji aliyeimba habari za vibarua na wakulima waliohamishwa na ukame. Mwaka 1969 vilianza vita kati ya El Salvador na Honduras. Mwaka 1976 reli ya TAZARA ilikabidhiwa kwa Tanzania na Zambia. Mwaka 2015 chombo kiitwacho New Horizons kilipita karibu na Pluto, baada ya safari ya miaka zaidi ya 9 angani.

Msomaji ataona mara moja kwamba mambo hayo hayana udugu wowote. Tarehe haikuyazaa. Ndiyo sababu hatuna budi kuikataa imani ya siku za mkosi na siku za bahati. Siku ni chombo kitupu. Wanadamu ndio watiao kitu ndani yake. Hata Bastille yenyewe, siku ilipotekwa, ilikuwa na wafungwa 7 tu. Wafaransa waliifanya tarehe hiyo kuwa sikukuu ya taifa mwaka 1880, kwa kuwa waliona ndani yake maana kubwa kuliko idadi ya wale waliofunguliwa.

Sasa tuchukue mambo mawili katika orodha hiyo, tuyaweke bega kwa bega. Yote mawili yahusu mpaka wa nchi mbili jirani.

La kwanza ni vita vya mwaka 1969. El Salvador na Honduras zapakana katika Amerika ya Kati. Lugha yao ni moja, Kihispania, na watu wao wakati ule walikuwa Wakatoliki kwa wingi. Mwezi wa Juni timu zao zilikutana mara tatu kuwania nafasi katika Kombe la Dunia la mwaka 1970. Honduras ilishinda mchezo wa kwanza kwa bao 1 kwa 0, El Salvador ikashinda wa pili kwa 3 kwa 0, kisha ikashinda wa tatu mjini Mexico kwa 3 kwa 2. Mashabiki walitukanana na kupigana. Tarehe 14 Julai ndege na askari wa El Salvador walivuka mpaka. Mapigano yalidumu siku nne hivi, na watu kwa maelfu walipoteza maisha. Magazeti ya dunia yakaviita Vita vya Soka.

Je, ni mpira uliowaua watu wale? La, hasha. El Salvador ni nchi ndogo, na ardhi yake nzuri ilikuwa mikononi mwa wachache. Wakulima wake wapatao 300,000 walikuwa wamehamia Honduras kutafuta mashamba. Huko nako wakulima wenyeji walikuwa wakidai ardhi, na serikali ikatumia sheria ya ardhi kuwaondoa wageni. Mtu aliyelima na jirani yake miaka mingi, akaazimana naye jembe na chumvi, akaanza kuitwa mwizi. Mpira ulikuwa kiberiti tu. Majani makavu yalikwisha kukusanywa zamani. Mkataba wa amani haukutiwa sahihi mpaka mwaka 1980.

La pili ni reli. Miaka 7 baadaye, tarehe ile ile, China ilizikabidhi rasmi serikali zetu mbili njia ya reli yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Sababu yake ilikuwa dhiki ya jirani. Zambia haina bahari, na shaba yake ilipita Rhodesia kwenda pwani. Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, walijitangazia uhuru ili watawale wao peke yao, na Zambia ikawa kama mtu ambaye mlango wa nyumba yake uko mikononi mwa adui. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walibisha hodi katika nchi za magharibi, wakaambiwa kwamba reli hiyo haitakuwa na faida. China ikakubali kutoa mkopo usio na riba. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1967, na kazi ikaanza Oktoba 1970.

Kazi ile haikuwa rahisi. Kati ya Mlimba na Makambako milima ilitobolewa na mabonde yakajengewa madaraja. Agosti 1973 vyuma vya reli vilifika Tunduma, vikavuka kuingia Zambia. Wafanyakazi zaidi ya 160 walikufa katika ujenzi huo, na kati yao Wachina walikuwa zaidi ya 60. Baadhi yao wamezikwa Gongo la Mboto, mbali na mama zao. Mtu apandaye gari la moshi Mlowo, Vwawa au Tunduma yafaa awakumbuke, na kuwaombea.

Haya, tofauti ya mipaka hii miwili ni nini? Hatusemi kwamba watu wetu ni wema kuliko wale wa Amerika ya Kati. Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliokatwa na mstari. Wanyamwanga wako huku na huku, na biashara haijui usingizi. Yote yaliyowagombanisha wale, yaani ardhi, chakula na kazi, yapo hapa pia. Tofauti ni kwamba wale walimtazama jirani kama mzigo, na sisi wakati ule tuliuchukua mzigo wa jirani. Tanzania ingaliweza kusema kwamba shaba ya Zambia si shauri lake. Haikusema hivyo.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Mahindi yapandapo bei, au kazi zikiwa haba, husikika maneno ya kwamba wageni ndio watumalizao. Hayo ndiyo majani makavu. Mzazi ayasikiapo mezani kwake asiyaache yalale ndani ya nyumba. Hata reli yenyewe, kwa kukosa matunzo, kwa miaka mingi ilibeba mizigo michache kuliko iliyokusudiwa, mpaka ikabidi mwaka 2024 viongozi wakutane Beijing kutia sahihi makubaliano ya kuifufua. Urithi usiotunzwa huota kutu, uwe wa chuma, uwe wa ujirani.

Neno moja la mwisho kwa jamaa zetu. Huko Ndolezi, wilaya ya Mbozi, katika mkoa huo huo wa Songwe, kuna kimondo cha chuma kikadiriwacho kuwa na tani 16. Kuanguka kwake ni jambo la ajabu kuliko yote yaliyopata kutokea mkoani, walakini hakimo katika orodha ya tarehe yoyote, maana hakuna aliyetuachia habari ya siku yake. Mambo ya nyumbani kwenu nayo yatakuwa vivyo hivyo yasipoandikwa.

Basi, nunueni daftari. Andikeni humo siku babu alipohamia kijijini, siku ya ndoa, siku jirani alipowasaidia wakati wa njaa. Kisha kila ifikapo tarehe yake, someni mbele ya watoto, na waulizeni maswali matatu: Ni nini kilichotendeka? Kwa nini kilitendeka? Nasi leo chatudai nini?