POMADI YA KUKINGA JUA: TUSOME KWANZA MAANDISHI YAKE

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani, pomadi ya kukinga jua si ya bei ndogo. Wengi huichagua kwa kutazama picha ya jua na namba kubwa. Baadaye mtoto anaungua, na baba anasema dawa ile ni bure. Shikeni tubu mkononi, tusome pamoja.

Mbele utaona herufi SPF au FPS, kisha namba: 15, 30, 50 au 50+. Namba hiyo inaonyesha nguvu ya pomadi mbele ya miale inayounguza ngozi, ambayo jicho haliioni. Ukijipaka ya 30 sawasawa, katika sehemu 30 za miale hiyo inapita sehemu moja tu. Maana yake inazuia karibu 97 juu ya 100. Na ile ya 50? Inazuia 98 juu ya 100. Basi usiuze kuku wako kwa kutafuta 50 kama duka lina 30 nzuri. Tena, namba si saa: haikupi ruhusa ya kukaa juani muda mrefu zaidi. Wala hakuna pomadi inayozuia yote. Ndiyo sababu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya uliwataka wenye viwanda waache kuandika «écran total».

Namba peke yake haitoshi. Inapima hasa miale iitwayo UVB. Iko mingine, UVA, inayoingia ndani zaidi ya ngozi na kupita hata katika kioo cha gari. Tafuta herufi UVA ndani ya duara, au maneno «large spectre». «Résiste à l'eau» si kusema haitoki: ukitoka jasho jingi au ukijifuta, paka tena. Picha ya kopo lililofunguliwa yenye 12M inasema itumike ndani ya miezi 12 tangu kufunguliwa. Tazama pia tarehe ya mwisho. Na tubu iliyoanikwa juani kwenye meza ya soko iacheni hapo, joto limekwisha kuiharibu.

Sasa jambo linaloharibu kazi yote: watu wanapaka kidogo mno. Uso na shingo ya mtu mzima vinataka kijiko kimoja cha chai. Mwili mzima unataka vijiko sita au saba, tena robo saa kabla ya kutoka, na kurudia kila saa mbili. Ukipaka nusu, ile 30 yako si 30 tena. Tubu ya mililita 50 ina vijiko kumi tu! Hesabu wewe mwenyewe itakaa siku ngapi. Kwa hiyo nguo ndiyo kinga ya kwanza: shati la mikono mirefu lenye kitambaa kizito, suruali au kikwembe kirefu, kofia yenye ukingo mpana. Pomadi ni ya sehemu ambazo nguo haifiki.

Je, mfanyakazi wa karieri aitafute? Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, ingawa si kamili. Kwake tunaona nguo ya kazi, maji ya kunywa, kivuli wakati wa mapumziko na miwani ya kukinga macho vina faida zaidi, kwani jua huchangia kuleta mtoto wa jicho. Kaske haivuliwi kwa sababu ya kofia. Kitambaa cha kufunika shingo kinafungwa nyuma yake. Mtu asidanganyike: pomadi haipozi mwili, na aliyepigwa na joto haponi kwa kupakwa.

Wenye haja ya kweli ni watoto wetu wenye ualbino. Ngozi yao haina rangi ile inayokinga, na kansa ya ngozi inaweza kuwapata wakiwa bado vijana. Kama feza inatosha tubu moja tu nyumbani, ni yao: 30 au zaidi, usoni, masikioni, midomoni, shingoni na juu ya mikono. Mwalimu aombwe kumweka mtoto mbele darasani, mbali na dirisha lenye jua, maana macho yake pia ni zaifu. Kivuli chake kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, jua ni kali, asicheze nje. Msidanganywe na baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Kolwezi iko juu ya mita 1.400, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo miale inavyozidi, hata hewa ikiwa baridi.

Wako pia wanaotumia pomadi za kuchubua ngozi. Hizo zinaondoa kinga waliyozaliwa nayo, na jua linawaunguza kuliko zamani. Kuongeza pomadi ya jua juu yake ni kulipa mara mbili. Afazali kuziacha.

Kila mwezi mama amkague mtoto mwenye ualbino mchana, mahali penye mwanga: nyuma ya masikio, puani, mdomo wa chini, shingoni. Kidonda kisichopona kwa majuma manne, au gamba gumu linalotoka na kurudi, akionyeshe kwa munganga bila kungoja kiume. Kikiwa kidogo kinakatwa kwa operesheni ndogo, na mara nyingi mtoto anarudi nyumbani siku ileile.