CHINCHILA: JE, ANAFAA KUFUGWA NYUMBANI KWAKO?

Watu wengi huamua kufuga mnyama kwa sababu wamependezwa na sura yake. Chinchila humvutia mtu upesi: ni mnyama mdogo, mwenye masikio mapana, macho makubwa meusi na manyoya laini kupita kiasi. Lakini sura ya mnyama haielezi mahitaji yake. Mahitaji hayo hujulikana kwa kuchunguza mahali alikotoka na jinsi mwili wake unavyopatana na mahali hapo. Makala haya yanatumia maarifa ya biolojia na fizikia ya shule ya sekondari kulijibu swali moja: je, anayetaka kumfuga chinchila ataweza kumpa yale aliyopewa na mlima?

Asili yake

Chinchila yumo katika oda ya wagugunaji, pamoja na panya, nungu na simbilisi. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Zipo spishi mbili. Chinchila wa mkia mfupi (Chinchilla chinchilla) huishi juu sana milimani. Chinchila wa mkia mrefu (Chinchilla lanigera) huishi katika miteremko mikavu ya Chile, naye ndiye asili ya chinchila wanaofugwa majumbani. Wote huishi kwa makundi katika nyufa za miamba. Mchana hujificha humo; jioni na usiku hutoka kutafuta nyasi, majani na magome.

Manyoya yake ndiyo yaliyomponza. Vazi moja refu lilihitaji ngozi zaidi ya 100, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 uwindaji ulikuwa umekaribia kummaliza. Mwaka 1910 nchi za Argentina, Bolivia, Chile na Peru zilitia saini mkataba wa kumlinda. Mwaka 1923 mhandisi wa migodi kutoka Marekani, Mathias Chapman, alipeleka chinchila 11 California. Aliwateremsha kutoka milimani polepole ili miili yao izoee, na baharini alitumia barafu kuwapoza. Chinchila wengi wanaofugwa leo ni uzao wa kundi hilo. Mwaka 1983 Chile ilianzisha hifadhi ya taifa kwa ajili ya mnyama huyu, lakini spishi zote mbili bado zimo katika hatari ya kutoweka porini.

Manyoya na joto

Katika ngozi ya binadamu, kila kitundu cha kichwani huotesha nywele chache tu. Katika ngozi ya chinchila, kitundu kimoja huweza kuotesha nywele 60 hivi. Katikati ya nywele hizo hunaswa hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Kwa hiyo joto la mwili hubaki mwilini. Usiku wa baridi milimani, hiyo ni neema. Katika chumba chenye joto, ni balaa.

Binadamu anapopata joto hutoka jasho. Jasho linapogeuka mvuke huchukua joto kutoka katika ngozi, na mwili hupoa. Chinchila hatoki jasho. Joto lake hupotea zaidi kupitia masikio yake mapana, yenye mishipa mingi ya damu na manyoya machache. Njia hiyo ni finyu, nayo hufanya kazi pale tu hewa ya nje inapokuwa na baridi kuliko damu yake. Ndiyo maana porini hutegemea zaidi tabia kuliko mwili: jua likiwaka, hukimbilia ndani ya ufa wa mwamba.

Hapa ndipo ilipo hatari ya kizimba. Mnyama aliyefungiwa hawezi kuikimbia hewa ya chumba. Chinchila hustarehe katika halijoto ya nyuzi 10 hadi 20 za Sentigredi. Ikipanda kupita nyuzi 27 hivi, hasa hewa ikiwa na unyevu mwingi, huanza kuzidiwa: masikio huwa mekundu, hupumua kwa haraka, hulala ubavu, na huweza kufa katika muda wa saa chache. Wengine hudhani kwamba feni inatosha. Feni humburudisha mtu kwa kuharakisha ukaukaji wa jasho lake. Haipunguzi halijoto ya hewa. Kwa mnyama asiyetoka jasho, msaada wake ni mdogo.

Msomaji apime jambo hili kwa hewa ya mahali anapoishi. Mjini Dar es Salaam na Mombasa, halijoto ya mchana katika miezi ya kiangazi hupita nyuzi 30, na hewa ya bahari imejaa unyevu. Huko chinchila hawezi kuishi salama bila mashine ya kupoza hewa inayofanya kazi usiku na mchana, na umeme ukikatika alasiri moja tu, maisha yake yamo hatarini. Njombe na Limuru kuna baridi zaidi, lakini ukungu na mvua huleta unyevu, nao huyadhuru manyoya yake.

Kuoga vumbi

Manyoya mazito hivyo yakilowa hukauka polepole, na ngozi yenye unyevu hushikwa na ukungu. Kwa hiyo chinchila haogeshwi kwa maji. Porini hugaagaa katika vumbi laini litokanalo na majivu ya volkano. Vumbi hilo hufyonza mafuta na unyevu, kisha hukung'utwa. Mfugaji hana budi kumpa bakuli la vumbi la namna hiyo mara kadhaa kwa wiki, kwa dakika 10 hadi 20. Mchanga wa pwani au wa mtoni haufai, kwa sababu chembe zake ni kubwa, haziingii kati ya nywele.

Meno na chakula

Meno yote ya chinchila, ya mbele na magego, hukua maisha yake yote. Ya mbele huweza kukua sentimeta 5 au zaidi kwa mwaka. Porini ukuaji huo husawazishwa na kutafuna nyasi ngumu kwa saa nyingi. Mnyama akilishwa vyakula laini, meno hayasagiki. Hurefuka, huchoma ulimi na mashavu, na hatimaye mnyama hushindwa kula. Dalili mojawapo ni mate yanayolowanisha kidevu.

Utumbo wake nao umeumbwa kwa ajili ya nyasi. Nyuzinyuzi huchachushwa na bakteria katika mfuko ulio mwanzoni mwa utumbo mpana. Matunda matamu, karanga na biskuti huvuruga bakteria hao na kuleta gesi, naye hawezi kutapika. Chakula chake kikuu ni nyasi kavu safi, zisizo na kuvu, pamoja na maji safi kila siku. Mti wa kuguguna usiotiwa dawa wala rangi ni wa lazima pia.

Usiku, wenzake na miaka

Chinchila huamka wakati watu wanapolala. Huruka, huguguna na kugongagonga kizimba usiku kucha. Kizimba chake kiwe cha waya na kirefu kwenda juu, chenye vibao vya kurukia. Hapendi kukumbatiwa, akishikwa kwa nguvu huachia fungu la manyoya mkononi, kama alivyomponyoka adui porini. Mtoto mdogo anayetaka mnyama wa kubeba atavunjika moyo, na huenda akamvunja mnyama mbavu.

Kwa kuwa ni mnyama wa kundi, chinchila wa peke yake hupata upweke. Lakini dume na jike wakiwekwa pamoja watazaa. Mimba huchukua siku 111 hivi, na jike huweza kushika nyingine mara tu baada ya kuzaa. Anayefuga jozi aamue mapema watoto watapelekwa wapi, au afuge wa jinsia moja waliozoeana.

Chinchila anayetunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 20. Mwanafunzi wa miaka 15 anayempata leo huenda akawa bado anamtunza akiwa na miaka 30. Katikati hapo kuna mitihani, vyuo, kazi na kuhama.

Namna ya kuamua

Kabla ya kutafuta chinchila, mtu ajiulize: Je, hewa ya nyumba yangu ni baridi na kavu mwaka mzima? Je, nyasi kavu na vumbi laini hupatikana karibu? Je, yupo daktari wa mifugo anayemfahamu mnyama huyu? Nikiwa safarini, nani atamtunza? Je, muuzaji anaweza kuonyesha kwamba mnyama amezaliwa kizimbani? Swali la mwisho ni zito, kwani biashara ya kimataifa ya chinchila wa porini imekatazwa.

Jibu likiwa “hapana” hata mara moja, kumwacha ndio uamuzi wa busara. Mapenzi ya mfugaji hayapunguzi halijoto ya chumba hata kwa uzi mmoja. Anayempenda kwa dhati huweza kumsoma, kumchora na kufuatilia juhudi za kumhifadhi kwao, bila kumtia mateso.

MASWALI

1. Eleza kwa nini feni humpoza binadamu zaidi kuliko chinchila.
2. Pima halijoto ya darasa lako saa 2 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni kwa siku 7. Chora grafu. Je, chinchila angeweza kuishi humo?
3. Meno ya mbele yakikua sentimeta 6 kwa mwaka, yangerefuka kiasi gani kwa miezi 2 bila kusagika?
4. Chagua mnyama mmoja anayefugwa kijijini au mtaani kwako. Taja mambo matatu ya asili yake ambayo mfugaji hana budi kuyatimiza.