Naomba, sisikii kitu

*Mchungaji, tangu mume wangu afariki mwaka jana naomba kila usiku, ila kimya. Wenzangu wa jumuiya wanasema imani yangu ni haba. Je, Mungu ameniacha?*
*Mama wa mizabibu, Hombolo*

Mama, pole kwa msiba. Unaogopa kwamba kimya hiki ni adhabu. Sivyo. Msiba huchosha mwili na kukata usingizi, na moyo uliochoka hauhisi hata kilichopo. Hao wanaokupimia imani wamewahi kuisoma Zaburi ya 88? Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu, inaishia gizani, na bado imo katika Biblia. Barua za Mama Teresa wa Kolkata, zilizochapishwa 2007, zinaonyesha alitumika miaka mingi bila kuhisi uwepo wa Mungu. Hakuacha kuomba.

Soma pia 1 Wafalme 19. Eliya alipoomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji; Eliya akala, akalala, akala tena. Sauti ya Mungu ilikuja baadaye, kwenye mlima Horebu. Kwa hiyo anza na ugali wako wa uwele na mlenda, ule ushibe. Sala za usiku zifupishe. Zaburi moja asubuhi kabla ya kwenda shambani inatosha. Mlalamikie Mungu waziwazi, na ukishindwa kabisa, mama mmoja unayemwamini akuombee.

Usipolala kwa wiki kadhaa, au ukianza kutamani kufa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usingoje Jumapili. Wakikupa rufaa ya Hospitali ya Mirembe, ya afya ya akili, Dodoma mjini, nenda bila aibu.