Somo kwa Watoto: Kitambaa Hakizuii Chumvi



Watoto wetu wengi hunywa maji ya bwawa yaliyochujwa kwa khanga tu. Hivyo tuliwapa bakuli la mchanga, chumvi na misumari midogo. Sumaku ya spika mbovu ya redio ikavuta misumari. Wakatia maji, wakakoroga, wakachuja: mchanga ukabaki kwenye khanga, maji yakatoka maangavu. Wakapiga makofi, mapema mno! Tulipoyaanika kwenye sahani hadi yakakauka, chumvi ilikuwa pale. Ilikuwa imeyeyuka, ikapita kitambaani bila kuonekana.

Vijidudu vya kuhara haviyeyuki, lakini ni vidogo mno, navyo hupita. Maji yakishachujwa, yachemke dakika 1 nzima. Penye mwinuko unaozidi mita 2,000, dakika 3.

Mama mmoja alituuliza kuni atazipata wapi. Tunaomba kamati za parokia zilijadili swali hilo.