Kumdhibiti Mtu kwa Wenzo, si kwa Mabavu: Mwongozo kwa Mgambo, Walinzi na Wahudumu wa Afya

Mkono wa binadamu ni wenzo. Egemeo lake ni kiwiko, na kutoka hapo hadi kwenye kifundo cha mkono kuna takriban sentimita 25 kwa mtu mzima. Msuli unaokunja mkono umejishikiza sentimita 4 au 5 tu kutoka kwenye kiwiko. Kwa hiyo, anayesukuma kifundo kwa nguvu ya kilo 10 humlazimu mwenye mkono atoe kilo 50 au zaidi ndani ya msuli ili mkono usikunjuke. Akishikwa katikati ya kiwiko na kifundo, hesabu hiyo hushuka hadi nusu. Fundi anayechomeka bomba kwenye mpini wa spana nati ya gurudumu inapogoma anaijua siri hii.

Kwa sababu hiyo, mshiko wa kwanza huwa mbali na egemeo: mkono mmoja kwenye kifundo, mwingine juu kidogo ya kiwiko. Anayedhibiti huuvuta mkono ule hadi kifuani pake. Makosa mengi hutokea hapa. Mlinzi akinyoosha mikono yake mwenyewe, naye huwa amempa mwenzake wenzo mrefu wa kumyumbisha. Viwiko vikikaa karibu na mbavu, kazi hufanywa na miguu na uzito wa mwili, na hata mtu mwembamba huiweza.

Jambo la pili ni mizani ya mwili. Mtu husimama imara muda wote uzito wake unapoangukia kati ya nyayo zake. Ukitoka nje ya hapo, nguvu zake hazimsaidii. Judo, iliyoasisiwa na Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka 1882, imejengwa juu ya jambo hilo. Mtaani kuna “tanganyika jeki”: mtuhumiwa hushikwa kiunoni mwa suruali kwa nyuma na kunyanyuliwa hadi atembee kwa ncha za vidole. Kisayansi inafanya kazi, kwa kuwa hunyanyua karibu na kitovu cha uzito na kuziondolea nyayo mahali pa kukanyagia. Lakini huiacha mikono ya mtuhumiwa huru, tena humdhalilisha mbele ya watu, na Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(e), inakataza adhabu na matendo yanayomdhalilisha mtu. Watu wawili, kila mmoja na mkono wake, hufanya kazi hiyohiyo kwa usalama na heshima zaidi.

Wenzo hauchagui: nguvu ndogo inayotuliza ndiyo inayovunja. Kiungo hukazwa polepole, wala hakipigwi mshtuo, na ukinzani ukikoma mkazo hulegezwa papo hapo. Kabali, au roba, haina nafasi katika kazi hii. Shingo hupitisha hewa na damu ya ubongo. Kumlaza mtu kifudifudi kisha kumkalia au kumwekea goti mgongoni kunaweza kumuua kimyakimya, kwani kifua hukosa nafasi ya kutanuka. Akishatulia, alazwe ubavu au akalishwe. Anayesema hapumui asidhaniwe kuwa anajifanya.

Dodoma ina sababu ya pekee ya kulijua hili. Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, hupokea wagonjwa wa akili kutoka pande nyingi za nchi, na wapo wanaoletwa na ndugu zao wakiwa wamefungwa kamba. Kamba hukata mzunguko wa damu na kuongeza hofu. Mgonjwa aliyechafukwa kwanza husemeshwa kwa sauti ya chini, na mtu mmoja tu, watazamaji wakiwa wameondolewa. Ikibidi kumshika, ashikwe kwenye viungo vikubwa na watu waliopangana mapema, hadi mhudumu wa afya atoe dawa. Vidole havishikwi kamwe; huvunjika upesi.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, hairuhusu aliyekamatwa kuzuiwa zaidi ya inavyohitajika ili asitoroke. Raia aliyemkamata mtu anatakiwa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Namba ya dharura ni 112.