Ritifaa katika Skripti za Kufungulia Akaunti

Makala haya yanachunguza jinsi majina ya Kiafrika yanavyotendewa na programu fupi, yaani skripti, zinazowafungulia watumiaji wa kompyuta akaunti. Suala hili huachiwa mafundi wa mitambo, ilhali kiini chake ni othografia.

Chuo kikuu kama kile cha Masinde Muliro mjini Kakamega, kilichopata hadhi kamili mwaka 2007, hupokea wanafunzi wengi kwa mkupuo mmoja. Badala ya kuwaandikisha mmoja mmoja, msimamizi wa mitambo huweza kuandika skripti inayosoma orodha mstari kwa mstari. Katika Linux, amri ya useradd hufungua akaunti, chpasswd huweka nywila ya kuanzia, nayo chage humlazimu mwanafunzi kuibadilisha aingiapo mara ya kwanza. Kazi ya siku nzima huisha kwa dakika chache. Kosa nalo huenea kwa kasi iyo hiyo.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, ritifaa katika ng' si pambo. Ndiyo itenganishayo ng'oa na ngoa. Mfasiri wa amri katika Linux haioni hivyo. Kwake, alama hiyo hufungua maneno ya kunukuliwa. Jina Wang'ombe likiingizwa katika amri bila kukingwa, nukuu hufunguka isifungwe, na amri hukwama. Ng'ang'a ni hatari zaidi. Ritifaa yake ya kwanza hufungua, ya pili hufunga, zote mbili hufutwa, na mwenye jina husajiliwa kuwa Nganga pasi na onyo lolote. Kosa la Wang'ombe hujitangaza papo hapo. La Ng'ang'a huweza kunakiliwa kutoka orodha hadi orodha. Kinga yenyewe ni nyepesi: jina lisomwe kutoka kwenye faili, na kila linapotajwa ndani ya skripti lizungushiwe alama za usemi zenye nukta mbili mbili. Kuzifuta ritifaa zote mapema, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, ni kuuhalalisha upotoshaji.

Kuna pia mgongano wa majina. Skripti nyingi huunganisha herufi ya kwanza ya jina la mtu na jina la ukoo. Magharibi mwa Kenya, Wafula ni mtoto wa msimu wa mvua na Wekesa wa mavuno, na misimu hiyo haimbagui mtu. John Wafula na Joseph Wafula wote huwa jwafula, na useradd humkataa wa pili. Afadhali akaunti iitwe kwa nambari ya usajili, mikwaju ikiondolewa, na jina kamili liwekwe katika sehemu ya maelezo, ambako ritifaa inaruhusiwa. Kabla ya kuiendesha skripti kwa orodha halisi, ijaribiwe kwa majina manne: Wang'ombe, Ng'ang'a na akina Wafula wawili.