Nani Mwenye Kutoa Jina? Viwanja vya Ndege na Mfano wa Mbulu na Hanang

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya majina, kubadilishwa kwa jina huchukuliwa mara nyingi kuwa ishara ya kubadilika kwa mamlaka. Dai hilo ni kweli kwa sehemu tu. Makala haya yanalinganisha majina ya viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki na majina ya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ili kuonyesha kwamba swali la msingi si jina gani limetolewa, bali ni nani aliyelitoa.

2.0 Viwanja vya Ndege

Viwanja vingi vilianza kwa jina la mahali vilipojengwa. Uwanja wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1958, uliitwa Embakasi. Ulipewa jina la Jomo Kenyatta baada ya kifo chake mwaka 1978. Ule wa Port Reitz, Mombasa, ulipewa jina la Moi, mwenyewe akiwa hai na madarakani. Uwanja wa Kisauni, Unguja, ulipewa jina la Abeid Amani Karume mwaka 2010, na ule wa Dar es Salaam una jina la Julius Nyerere. Lengo ni kumuenzi kiongozi na kumtambulisha mgeni kwa taifa tangu anaposhuka. Njia nayo ni nyepesi: uwanja una mamlaka moja, na tangazo moja hutosha. Hata hivyo, tiketi zimeendelea kuandikwa NBO, MBA, ZNZ na DAR. Jina la mji limejificha ndani ya alama.

3.0 Mbulu na Hanang

3.1 Majina ya Watu

Hapa hapakuwa na tangazo. Wairaqw waliitwa na wengine Wambulu, kwa jina la wilaya yao. Taratibu jina lao wenyewe limeshika nafasi katika maandishi, kama ilivyo katika sarufi ya Maarten Mous ya mwaka 1993, ilhali wilaya imebaki Mbulu.

Jirani zao Wadatooga, ambao Wabarabaig ni tawi lao, waliitwa Wamang'ati, neno la asili ya Kimaasai lenye maana ya "maadui". Jina Manyara nalo huhusishwa na neno la Kimaasai la mti wa mnyaa, upandwao kuwa ua. Maneno yote mawili yametoka katika lugha moja. La pili halimdhuru mtu, la kwanza humhukumu mtu kabla hajasema.

3.2 Mulbadaw

Katika miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa Hanang kwa msaada wa Kanada, chini ya shirika la umma la NAFCO. Shamba la Mulbadaw lilibaki na jina la kijiji, lakini wafugaji walipoteza malisho. Walishtaki, mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliamua kwa faida ya shirika. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba haikuthibitishwa kuwa wadai wote walikuwa "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi.

4.0 Hitimisho

Embakasi ilipoteza jina pasipo mtu kuhamishwa kwa sababu ya jina hilo. Mulbadaw ilihifadhi jina, watu wakakosa ardhi. Kwa hiyo kudumu kwa jina la asili si ushahidi wa kudumu kwa haki. Kwa upande wa Kiswahili, kilicholipokea neno "Wamang'ati" na kulieneza, wajibu uko wazi: kamusi ilieleze neno hilo kuwa ni jina lililotolewa na wengine, na mtafiti awaite watu kwa jina wanalojiita.